Kovu la Mamba na Wanafunzi wa Soksi

Vijana wangu, Jumapili iliyopita mlinikosea, na najua hamjui kosa lenu.

Tulikuwa ukumbini baada ya misa, pale Koekelberg, hapa Brussels, tunakula. Ninyi mnaosomea ualimu mlikaa kwenye meza yangu. Nikawa najikuna mguu, mmoja wenu akaona kovu langu refu hapo chini ya goti, akauliza lilitoka wapi. Nikajibu kwamba ni mamba. Nilikuwa kijana, nikaenda kuteka maji mto Lualaba, mamba akanidaka mguu, nikampiga kwa ndoo mpaka akaniachia. Mkasema, "Eeh, papa!" Mwingine akaniongezea bukari, ugali wetu, kwenye sahani kwa heshima ya yule mamba. Halafu mkarudi kwenye mazungumzo yenu ya mpira.

Mlikuwa saba, wote mnataka kufundisha historia, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza: papa, nani mwingine aliona? Nilirudi nyumbani na huzuni. Mke wangu, Maman Béa, akataka kujua kama bukari ilikuwa mbichi. Nikamwambia bukari iliiva vizuri, wabichi ni vijana. Ndiyo maana nawaandikia. Kaeni niwaeleze jinsi mamba huyo alivyokaribia kunitoa kazini.

Nimefundisha historia na maarifa ya jamii nusu ya maisha yangu huko Lubumbashi, kisha miaka kumi na miwili ya mwisho katika shule ndogo ya Wafini kule Uccle. Ndiyo, Wafini, watu wa Finland. Wazazi wana kazi zao hapa Brussels, watoto wanasoma kwa utaratibu wa kwao, ila masomo hayo mawili wanafunzi wakubwa huyapata kwa Kifaransa ili wazoee mji wanamoishi. Walitafuta mwalimu wa kuyafundisha kwa Kifaransa. Sijui walikuwa wanamtarajia mtu gani, lakini niliyefika ni mimi.

Kabla ya hapo, karatasi zangu za ualimu zilikuwa bado zinazunguka ofisini, nami nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba moja ya Berchem-Sainte-Agathe. Ni kazi ya heshima, na wale wazee walinisikiliza kuliko wanafunzi wengi. Lakini kila nilipopita karibu na shule nikasikia kengele ya mapumziko, roho iliniuma. Niliona aibu kuumwa roho na kengele, nikawa nazunguka njia nyingine.

Wafini walinipa mwaka mmoja wa majaribio. Mwezi wa tano, mkuu wa shule, mama mmoja mrefu aitwaye Marjatta, angekaa nyuma ya darasa langu kwa somo moja tu, kisha aamue. Nikifaulu, nabaki mwalimu mpaka pensheni. Nikianguka, narudi Berchem, na kwa umri wangu nafasi nyingine haikuwapo.

Sasa, kuna mambo ambayo chuoni hawatawafundisha. La kwanza ni soksi. Katika shule ile, ukiingia tu, unavua viatu kwenye korido. Wote, mpaka mkuu. Kila mtu ana ndoano yake ya koti ukutani, na juu ya ndoano kuna kibao cha mbao chenye jina lake na picha ya mnyama. Kuna sungura, kuna dubu, kuna bundi. Mimi nilibandikiwa kipande cha karatasi chenye neno moja la Kifini. Nikauliza maana yake, nikaambiwa ni "anayeshika nafasi kwa muda." Hakikuwa na jina wala mnyama.

Siku ya kwanza nilifika na suti yangu ya ndoa za watu, tai, na viatu vinavyong'aa hata ungejiona uso. Nikaambiwa nivue. Chini ya viatu vile kulikuwa na soksi yenye tundu, na kidole gumba kimetoka nje kuangalia watu. Nilifundisha somo zima nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja nyuma ya meza. Kwa hiyo wekeni jozi ya pili ya soksi mkobani. Mimi mwenyewe sikulishika somo hilo, mtaona mbele.

La pili ni jina. Wafini hawana maître wala prof ya kumwita mwalimu, hawana papa ya kumwita mzee. Wananiita Dieudonné. Mtoto wa miaka kumi na minne aliponiita hivyo mara ya kwanza, niligeuka nyuma kuangalia kama ni mjomba wangu ameingia akaniita.

La tatu ndilo lililonimaliza, ni ukimya. Lubumbashi, nikimaliza somo nauliza, "Tumeelewana?" na watoto hamsini wanajibu "Ndiyo, maître!" mpaka mabati yanatikisika. Hawajaelewa kitu, lakini moyo wa mwalimu umepoa. Kule Uccle nilifundisha mapinduzi ya Ufaransa kwa jasho, nikachora, nikaigiza kichwa cha mfalme kinavyoanguka. Nikauliza kama tumeelewana. Watoto kumi na wanne wakanitazama. Hakuna aliyekohoa.

Nikasema maskini, hawakuelewa. Kesho yake nikarudia somo lote. Kimya. Kesho kutwa nikarudia mara ya tatu, nikaongeza nyimbo. Hapo msichana mmoja, Aino, akainua mkono. Aino alikuwa akifuma soksi darasani, na hilo huko linaruhusiwa, mikono inafuma na masikio yanasikiliza. Hakuinua macho kutoka kwenye sindano zake. Aliniuliza kwa adabu kama kesho mfalme atakufa tena, maana kama ndivyo, ataleta uzi wa kutosha.

Nilikwenda kwa Marjatta nikijiona mdogo. Akaniambia watoto walikuwa wameelewa tangu siku ya kwanza, walikuwa wanafikiri. Akanishauri nikiuliza swali, nihesabu moyoni mpaka kumi na tano kabla ya kufungua mdomo. Nikamuuliza nihesabu kwa lugha gani. Akafikiri sana, akasema kwa ile iliyo polepole zaidi. Jaribuni hilo, wanangu. Mpaka tano unasikia aibu. Mpaka kumi unataka kusimulia hadithi yoyote tu. Kwenye kumi na tatu hivi, mtoto uliyemdhani mjinga anainua mkono na kusema jambo ambalo hukuwahi kulifikiria.

Mwalimu aliyenilea Lubumbashi, Maître Kasongo, alikuwa na mafundisho mengine kabisa. Alisema mwalimu hakosei kamwe, ubao ndio hukosea. Ukiandika uongo, futa haraka uwaambie wanafunzi ulikuwa unawapima. Yeye ndiye aliyekuwa mlangoni siku yangu ya kwanza ya kazi, nikiwa kijana mwembamba mbele ya darasa ambalo nusu yake walikuwa na ndevu kunishinda. Walinicheka. Mmoja akauliza kovu la mguu wangu lilitoka wapi. Sijui ulimi wangu ulilitoa wapi neno, lakini ulisema, "Mamba." Darasa likanyamaza. Baadaye Maître Kasongo akanishika bega akaniambia nimlinde sana mamba huyo. Nilimlinda. Alifungua kila mwaka wangu wa shule, na kila mwaka alikula akanenepa.

Basi hata Uccle nikamleta. Wafini walimsikiliza kimya, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni kimya cha kuogopa.

Wao hawafundishi historia kwa kumeza miaka na majina. Wanampa mtoto barua ya zamani, picha, tangazo, kisha mtoto anaihoji kama polisi. Nililipenda jambo hilo, nikaandika maswali manne ubaoni, nikayaacha hapo mwaka mzima: Nani amesema? Alisema lini? Kwa nini alisema? Nani hakuulizwa? Karibu na mwezi wa tano nikawapa kazi. Kila kundi lichague habari moja ambayo watu huiamini bila kuihoji, lilete ushahidi. Nikamwalika Marjatta aje siku hiyo hiyo ya ushahidi. Nilijiona mwerevu sana. Watoto wangefanya kazi yote, nami ningesimama pembeni nikipokea sifa.

Mtoto akililia wembe, mpe, wamesema wahenga. Hawakusema nini kinatokea wembe ukiwa umempa wewe mwenyewe, na shingo iliyo karibu ni yako.

Siku yenyewe ikafika. Marjatta akakaa nyuma na soksi zake za kijivu, daftari magotini. Nikaangalia miguu yangu. Kwa haraka ya asubuhi nilikuwa nimevaa zile zile za tundu, na kidole gumba kimetoka tena kuangalia ukaguzi. Kundi la kwanza likaleta habari ya nyanya wa mmoja wao aliyesemekana alicheza dansi na balozi. Safi kabisa, Marjatta akaandika. Kisha Aino na wenzake wawili wakasimama, wakabandika karatasi kubwa ukutani. Ilisomeka: Mamba wa Dieudonné.

Wanangu, jasho lilinitoka mpaka kwenye tai.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa mimi mwenyewe. Aino alikuwa ameandika tarehe kila niliposimulia habari ya mamba. Akasoma bila kuinua sauti kwamba mwezi wa tisa mamba alikuwa na mita mbili. Mwezi wa kumi na moja alikuwa na mita tatu na nusu. Mwezi wa kwanza alikuja na mwenzake. Nyuma kule Marjatta aliandika kwa muda mrefu.

Ushahidi wa pili ulikuwa mke wangu. Kumbe kwenye sherehe yao ya Mei, Maman Béa alipokuja na beseni la mandazi, Aino alimfuata na daftari. Maman Béa alisema yeye hakuwapo, ila anayejua ni Léon, kaka yangu mkubwa wa Lubumbashi, na akatoa namba ya simu pamoja na andazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa amelala pembeni yangu wiki tatu bila kusema neno.

Ushahidi wa tatu ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Léon. Aino akaeleza kwamba walimwandikia kwa Kifaransa, lakini yeye amejibu kwa Kiswahili, na hakuna kati yao anayekijua. Wakaamua wasimtafute mtafsiri nje. Wangemwomba mwalimu wao atafsiri, kwa sababu wanamwamini.

Sikilizeni hapo. Kazi yangu, kengele, miaka yote mpaka pensheni, vyote vilikuwa kwenye simu ile mezani, na katika chumba kizima mtu aliyejua Kiswahili ni mimi peke yangu. Ningeweza kusema chochote. Aino akabonyeza, sauti ya Léon ikajaa darasani.

"Allô, batoto. Ni miye Léon, yaya yake ya Dieudonné. Mamba? Mamba ya wapi? Ile ilikuwa dindon ya ba masœurs. Dindon moya, mukubwa, mubaya kabisa. Dieudonné alikuwa anapita na vélo, dindon ikamufwata, akalia sana, akaangukia mu fil barbelé. Donc, dindon. Haiko mamba, batoto. Ni dindon."

Kwa msio wa kwetu, yaya ni kaka mkubwa, dindon ni bata mzinga, na ba masœurs ni masista wa misheni. Ukweli ni huo. Nilikimbizwa na bata mzinga wa masista, nikiwa juu ya baiskeli, nikaangukia seng'enge.

Watoto wakanitazama. Maître Kasongo akanong'ona ndani ya kichwa changu nifute ubao haraka. Nikakohoa, nikatafsiri.

"Kaka yangu anawasalimu sana," nikasema. "Anasema mamba alikuwa mkubwa."

Kimya. Safari hii wao ndio walikuwa wanahesabu. Nami nikahesabu pia, nikafika nane, nikafika kumi na moja. Aino alikuwa anafuma.

"Amesema dindon mara tano," akasema.

Laana ya watu wa Lubumbashi ni hiyo. Hatuwezi kumaliza sentensi ya Kiswahili bila kuweka Kifaransa, na watoto wale Kifaransa niliwanoa mimi. Nilikuwa na nafasi moja ya mwisho. Ningesema kwamba kwetu mamba wa mtoni tunamwita hivyo, na nani angepinga? Nilifungua mdomo. Nikaangalia chini nipate maneno, nikaona kidole changu gumba. Kilikuwa kimesimama pale nje mbele ya watu wote, hakijifichi. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya meza, na nilikuwa na hofu kubwa huku nacheka.

Nikatafsiri upya, neno kwa neno, dindon zote tano, pamoja na kulia. Nikawaambia pia kwa nini mamba alizaliwa, kwamba nilikuwa kijana, nilichekwa, niliogopa. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Kisha nikawaonyesha ubao. Nikawaambia: mimi mmenihoji vizuri, lakini Léon mmemwamini kwa sababu tu ananipinga mimi. Nani amesema? Kwa nini alisema? Huyo bata mzinga wa masista alikuwa anaishi kwenye banda lenye mlango.

Nikanyamaza, nikaanza kuhesabu. Nilifika sita tu. Sindano za Aino zilisimama kwa mara ya kwanza mwaka ule.

"Nani alifungua mlango?" akauliza.

Wakamwandikia Léon swali hilo hapo hapo. Jibu likarudi kabla ya kengele, fupi sana.

"Bon. Alors. Ile mambo ya mulango tuache tu. Ni ya zamani sana."

Nilitafsiri. Wafini kumi na wanne wakacheka kwa sauti. Mpaka siku hiyo sikujua kwamba wanaweza. Marjatta hakucheka. Alifunga daftari, akasema neno moja, "Kiitos," maana yake asante, akatoka na soksi zake bila kelele.

Nikajua nimekwisha. Ilikuwa Ijumaa. Njiani kurudi Koekelberg niliyapanga maneno ya kumwambia mkubwa wangu wa zamani kule Berchem. Nyumbani nikamgeukia Maman Béa. Nikamuuliza kwa nini alimuuza mume wake kwa Wafini, tena kwa nini hakuwahi kuniambia kwamba hamwamini mamba. Alikuwa anakunja nguo, hakuacha.

"Miye nilijuaka tangu mwanzo," akasema. "Trente ans. Léon alinielezaka siku ya ndoa. Mais nani aliniuliza?"

Miaka thelathini! Nilikaa kitandani juu ya nguo zilizokunjwa. Mwaka mzima niliandika ubaoni "Nani hakuulizwa?" na mtu huyo alikuwa ananipikia.

Jumatatu nikafika shuleni mapema, na mfuko wa kubebea vitu vyangu. Nikavua viatu. Nikaenda kwenye ndoano yangu, na kile kipande cha karatasi hakikuwapo. Mahali pake kulikuwa na kibao cha mbao, rangi bado inanukia. Kiliandikwa Dieudonné. Juu ya jina kulikuwa na bata mzinga, amenuna, shingo nyekundu, amechorwa na mtu ambaye bila shaka hajawahi kumwona.

Marjatta akapita na kikombe chake cha kahawa. Akasema mkataba uko ofisini tangu Ijumaa saa nane, lakini bata mzinga alichelewa, hakuna aliyejua miguu yake ikoje. Nilitaka kumwambia mengi. Nilihesabu mpaka kumi na tano, nikalia kidogo, na yeye akanisubiri.

Mwezi wa sita Aino akanipa soksi. Moja tu, ya kijivu, namba arobaini na nne. Alisema ya pili ataimaliza nikiacha kuongeza urefu wa mapinduzi ya Ufaransa. Aliimaliza baada ya miaka miwili.

Basi ndiyo hayo. Ualimu wangu wote wa mwisho niliufanya chini ya bata mzinga yule, na kila mwaka mpya nilianza kwa mamba, nikangoja. Darasa moja liliuliza siku ya pili. Jingine likachukua mpaka Pasaka. Nilipoulizwa, nilikuwa nafurahi kuliko mtu aliyefaulu mtihani. Na Jumapili, vijana wangu, niliwangoja ninyi mpaka bukari ikapoa.

Kibao kiko kwangu sasa, kwenye korido, na chini yake naning'iniza koti. Lakini kwa nini mniamini? Mimi nimewadanganya mara moja wiki hii. Njooni mkione, mvue viatu mlangoni. Na mkishamaliza kunihoji mimi, Maman Béa atakuwa jikoni.